Kazi Yake ya Kawaida

Mzee huyo aliingia ofisini mwetu siku ya 41. Katika kazi yangu siku huhesabiwa kama anavyozihesabu mdeni: bima ya jimbo la California humpa mfanyakazi siku 49 tangu maradhi yalipomzuia kufanya kazi, na akichelewa bila sababu ya msingi huenda akapoteza malipo.

Tunawasaidia marubani wa mashirika ya ndege kujaza madai hayo. Kwa miaka mingi nimeifanya kazi hii kwa Kiingereza tu, nisiyatazame maneno yake kwa jicho la lugha yangu. Siku hiyo niliona kwenye fomu kwamba mgeni wangu amezaliwa Tanga, nikamwamkia, "Shikamoo." Akanitazama kidogo, kisha akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Hatukurudi tena kwenye Kiingereza.

Alikuwa na miaka 58. Asubuhi moja alizirai jikoni kwake, wala hakukaa sakafuni dakika nzima. Madaktari walimpima moyo, ubongo na damu, wasione kitu. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Kwa rubani ni balaa, kwa kuwa kanuni za afya za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani zinakuhesabu kupoteza fahamu kusikoelezeka miongoni mwa mambo yanayomnyima mtu cheti. Tena rubani anayejua kuwa ana hali kama hiyo haruhusiwi kuongoza ndege, hata kama cheti kilicho mfukoni hakijaisha muda wake.

Nikamfasiria jina la bima yenyewe: bima ya ulemavu. Akaisukuma fomu kurudi upande wangu.

"Mimi si mlemavu, mwanangu. Nimekuja hapa kwa miguu yangu."

Nilitaka kulitetea neno, nikashindwa. Wazee wetu walisema kilema, wakamweka mtu katika ngeli moja na kiti na kisu. Sisi tukamhamishia katika ngeli ya watu, tukasema mlemavu. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, ili utu utangulie. Hatua zote hizo ni za heshima. Lakini mzizi ni ule ule wa kulemaa, na sikio la mzee wa Tanga linasikia humo jambo lisilotenguka. Sheria ya California haikusudii hivyo. Inasema habari ya hali yoyote ya mwili au akili inayomzuia mtu kufanya kazi yake ya kawaida, hata kwa muda mfupi. Mama anayekaribia kujifungua naye yumo.

"Na sadaka sitaki," akaongeza.

Hilo lilikuwa na jibu. Nilimwomba hati yake ya mshahara, ambayo ndiyo ninayoianzia kwa kila rubani. Watu hawa hulala jimbo moja na kuanzia safari zao jimbo jingine, na si kila jimbo lina bima ya namna hii. Makato huonyesha wamechangia wapi. Yake yalikuwepo, ya California, mwezi baada ya mwezi. Nikamweleza kwamba mfuko huo umekuwepo tangu 1946 na hujazwa na makato ya wafanyakazi wenyewe. Wiki ya kwanza hailipwi. Baada yake malipo yanaweza kufika wiki 52, kwa kikomo ambacho kwa mshahara wa rubani ni kidogo, lakini hulipa kodi ya nyumba.

Alikubali kuwa si sadaka. Neno bado lilimkaa kooni. Ndipo nikamuuliza, "Ukiona taa moja ya onyo inawaka kwenye ndege, halafu ikazimika yenyewe, unafanya nini?"

"Naandika kwenye daftari la ndege. Fundi aitazame."

"Hata kama ndege inaruka vizuri?"

Hakujibu. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akaomba kalamu.

Kazi haikuishia hapo. Alikuwa na karatasi ya daktari wake iliyosema anaweza kufanya kazi za kawaida. Kwa Kiingereza niliipitia haraka. Nilipoifasiri kwa sauti, nilisimama. Sheria inasema *kazi yake ya kawaida*. Daktari alisema *kazi za kawaida*. Kufagia ua, kupika, kuendesha gari hadi sokoni, hayo yote mzee aliyaweza. Kazi yake yeye ilikuwa kukaa chumba cha marubani na kubeba roho za abiria, na hapo hata nusu dakika ya kuzirai ni nyingi mno. Dai lote lilining'inia kwenye kimilikishi kimoja, *yake*. Tukamwandikia daktari tukimweleza kazi hiyo ni ipi na inadai nini. Uthibitisho wake uliingia siku ya 46, na malipo yakafuata.

Cheti chake cha afya bado hakijarudi. Mzee hunipigia simu mara moja moja, na kila mara huanza kwa kuniuliza kama nimeshapata jina zuri la bima ile. *Bima ya kutojiweza* aliikataa palepale, maana asiyejiweza kwetu ni hohehahe au mgonjwa wa kitandani. *Bima ya maradhi* huchanganywa na ile inayolipa hospitali. Kwa sasa nawaambia wateja wa Kiswahili *bima ya kipato wakati wa maradhi*. Ni ndefu, nakiri, lakini hakuna aliyeirudisha fomu. Mwenye neno fupi lisilomvunjia mtu heshima aniletee. Mzee anangoja, nami pia.