Keki Iliyosubiri Arobaini

Kwetu Buyenzi tunasema gato, na chombo cha baridi tunakiita frigo, kiwe cha kupoza au cha kugandisha. Hapa nitaandika keki, kwa kuwa wahadhiri watasoma. Frigo naomba niachiwe, maana ndilo neno lililonikosesha usingizi kwa siku arobaini.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024. Mama alikuwa amemaliza keki ya harusi ya ghorofa tatu. Yeye hana mkono wa kuandika, kwa hiyo maandishi huwa kazi yangu. Kwenye ghorofa ya kati niliandika majina mawili kwa rangi ya waridi, na chini yake tarehe ya kesho yake, 8 Juni. Sijaosha hata mikono, simu ikalia: baba mzazi wa bwana harusi amefariki baada ya Isha.

Mama alisema innalillahi, akakaa. Kisha akaigeukia keki, na papo hapo akaona aibu kwamba ameigeukia. Nilimwelewa. Nusu ya bei tulikwisha kulipwa, na pesa ile haikuwepo tena. Ndiyo iliyoniandikisha chuoni. Kama wangeidai, sijui tungeuza nini.

Siku ya harusi tulikwenda matangani. Wazee waliamua kila kitu kisubiri arobaini. Shangazi wa bibi harusi alimvuta mama pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Dada, na ile gato?"

"Itawasubiri," mama akajibu.

Itasubiri wapi? Frigo yetu haitoshi hata ghorofa moja, na umeme wa mtaani mnaujua. Frigo kubwa ya kugandisha anayo jirani yetu muuza samaki. Mwaka ule ziwa lilikuwa limefungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, kwa hiyo frigo yake ilikuwa nusu tupu. Alitukubalia, kwa sharti moja: "Ziwa likifunguliwa, mwanangu, mukeke wangu watataka kitanda chao."

Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu. Uingereza, kumbe, watu huweka ghorofa ya juu ya keki ya harusi mwaka mzima. Lakini ile ya zamani ilikuwa keki ya matunda makavu iliyolowekwa pombe; yetu ilikuwa ya mayai na majarini. Bahati nzuri krimu yetu ilikuwa ya majarini na sukari ya unga, ambayo huvumilia kuganda kuliko krimu ya maziwa. Maua ya sukari tuliyang'oa tukayatia kwenye mkebe mkavu, kwa sababu yakitolewa kwenye baridi hutoka jasho na rangi hutiririka. Kila ghorofa tuliigandisha wazi kwa saa chache kwanza, hadi krimu ikawa ngumu na haishiki kidole. Kisha nailoni mara mbili, kisha boksi, kisha nailoni tena. Nailoni ile ya mwisho ilikuwa kwa ajili ya harufu ya samaki.

Frigo iliyo nusu tupu hupoteza baridi upesi umeme ukikatika. Nikajaza chupa za maji, nikazipanga kila palipokuwa na nafasi hadi zikawa barafu. Jirani alicheka kwamba sasa anauza maji.

Wiki ya tatu umeme ulikatika Jumapili jioni, ukarudi Jumanne mchana. Jirani ana jenereta, lakini ule ndio mwaka ambao magari yalikuwa yakilala kwenye foleni za petroli, na ile ya chupa inayovushwa kutoka Uvira bei yake haikuwa ya watu kama sisi. Kilichobaki ni kutofungua mfuniko. Niliweka kiti kando ya frigo, nikawafukuza watoto wa jirani kama mbwa mlinzi.

Jumanne tulifungua. Ghorofa mbili za juu zilikuwa mawe. Ya chini ilikuwa imelainika upande mmoja. Mimi nilisema igandishwe tena, nani atajua? Mama aliibonyeza, akainusa, akaitoa. Tena akampigia yule shangazi simu, akamweleza yote, kwamba ghorofa moja itaokwa upya na mbili zimetoka kwenye barafu. Nilimkasirikia. Niliona anawakumbusha watu pesa yao. Shangazi alinyamaza kidogo, akauliza mayai siku hizi ni bei gani. Kesho yake alileta trei zima.

Kufuta tarehe ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Krimu ikiwa bado barafu, ncha ya kisu huibandua vipande vipande. Rangi ndiyo iliyogoma. Ilikuwa imeingia kwenye krimu nyeupe ya chini. Siku mbili kabla ya harusi tulizihamishia ghorofa kwenye frigo za kawaida, yetu na za majirani, zikayeyuka polepole ndani ya nailoni zao ili umande ushike nailoni badala ya krimu. Nikarudisha maua, nikaandika 20 Julai juu ya ile alama.

Ukumbini bibi harusi aliinama karibu sana na keki, nikajua ameona.

"Hii hapa chini ni nane?"

Nikasema ndiyo, dada, imekataa kutoka. Akamwita mumewe aje aione kabla hawajakata.