Mtoto kuitwa mchawi si neno la kumalizia nyumbani

Katika kambi za wahami, njaa na magonjwa vinaleta maneno. Mtoto mchanga akikufa, wakubwa wanatafuta sababu, na mara nyingi kidole kinaelekea yatima aliyepokelewa na ndugu ao mama wa kambo. Ananyimwa chakula, anapigwa, anapelekwa kwenye chumba cha maombi ili atolewe pepo. Mwishowe anakwenda kulala sokoni.

Majirani wanaona. Wengi wanasema ni mambo ya familia. Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inaenda mbele zaidi: kwa kifungu cha 160, anayemuita mtoto mchawi anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 3, na kulipa faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000.

Sheria hiyo ndiyo ilianzisha tribinali za watoto. Wazazi wengi wanaogopa hilo jina, wakifikiri mtoto atafungwa. Hapana. Mtoto aliyefukuzwa, anayeombaomba ao anayeteswa anahesabiwa kuwa katika hali ngumu; huyo hahukumiwi, analindwa. Jaji anaweza kumuweka kwa ndugu mwingine, kwa familia ya kuaminika ao katika kituo kilichokubaliwa. Kesi inasikilizwa mlango umefungwa, ili jina lake lisitembezwe mtaani.

Shida ipo. Tribinali iko mjini, kambi iko mbali, na pesa ya motari hakuna. Pale vita vimefika, hata majaji wanakimbia. Ndiyo maana kesi nyingi zinaishia kwa shefu: mbuzi mmoja, bia, mikono inapeanwa, na mtoto anarudishwa kwa yule yule aliyemchoma. Wakubwa wamepatana; mtoto hakuulizwa.

Anayeona jambo kama hilo asingoje damu. Aende kwa asistanti sosiali ao ofisi ya Mambo ya Kijamii, aseme mtoto analala wapi na nani anamtesa. Kama kuna kidonda, kwanza kituo cha afya, na karatasi ya munganga itunzwe vizuri. Ndiyo itasema mbele ya jaji, siku mtesaji atakapodai kwamba mtoto alianguka mwenyewe.