Kiilokano na Kikonkani: Lugha Mbili, Somo Moja

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Aghalabu msemo huu hutumiwa kumlaumu yule aliyeiacha lugha yake, kana kwamba lugha ni kanzu ambayo mtu huivaa na kuivua kwa hiari. Lakini ziko lugha ambazo wenyewe hawakuziacha, bali waliamrishwa kuziacha. Na ziko nyingine ambazo hazikupigwa marufuku, ila hazikupewa kiti barazani. Ili tulione jambo hili waziwazi, yafaa tuzitazame lugha mbili za mbali: Kiilokano, kisemwacho kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, na Kikonkani cha Goa na pwani ya magharibi ya Bara Hindi.

Lugha hizi si ndugu. Kiilokano ni jamaa wa Kimalai na, kwa mbali, wa Kimalagasi cha jirani zetu wa Bukini. Kikonkani ni jamaa wa Kimarathi na Kigujarati. Mwilokano hutanguliza kitenzi katika sentensi yake. Mkonkani hukiweka mwisho. Katika Kikonkani kila nomino ina jinsia, nazo ni tatu, hata neno “yeye” hugawanyika kuwa to kwa mwanamume, ti kwa mwanamke, na tem kwa jinsia ya tatu. Kiilokano kina isuna tu, kama sisi tulivyo na “yeye” mmoja kwa wote.

Msemaji wa Kiswahili ataona mengi ya kumfurahisha katika Kiilokano. Kama sisi tunavyotoa mwandishi na maandishi katika andika, ndivyo Mwilokano anavyolipamba neno surat: agsurat ni kuandika, agsursurat ni kuwa katika kuandika, na mannurat ni mwandishi. Tena anacho kitu ambacho sisi hatuna. Akisema datayo, “sisi” hiyo inamwingiza na yule anayeambiwa. Akisema dakami, anayeambiwa yuko nje. Hapana njia ya kuficha nani yumo na nani hayumo.

Jambo linalozikutanisha lugha hizi ni historia. Mwaka 1621 padri Francisco López alitoa kitabu cha mafundisho ya Kikristo kwa Kiilokano, na sehemu yake ilipigwa chapa kwa hati ya kale ya wenyeji. Mwaka 1622, huko Rachol katika Goa, kilipigwa chapa kitabu cha namna hiyo hiyo kwa Kikonkani, kazi ya Mjesuiti Mwingereza Thomas Stephens, aliyekuwa amefariki mwaka 1619. Hivyo lugha zote mbili ziliingia kitabuni kwa mkono wa mgeni, na kwa haja ya mgeni.

Wageni hao waliacha alama zao. Meza yetu tuliyoipata kwa Wareno ndiyo mez ya Kikonkani, na ndiyo lamisaan ya Kiilokano, iliyotokana na la mesa ya Wahispania. Neno la Kireno igreja, yaani kanisa, Mkonkani alilifanya igorz na maana ikabaki kanisa. Kwetu, kama wataalamu wengi waelezavyo, neno hilo hilo likawa gereza. Mwilokano hakuazima neno hapo. Kanisa alilipa jina simbaan, kutoka katika simba, maana yake kuabudu, wala halihusiani na mnyama wetu wa porini.

Baada ya hapo njia zilitengana. Mwaka 1684 mtawala wa Kireno aliamuru watu wa Goa waiache lugha yao katika muda wa miaka mitatu na waseme Kireno. Lugha haikufa, kwa kuwa amri haiingii jikoni. Lakini heshima yake ilivunjwa, hata baadhi ya wenyewe wakaiona ni lugha ya watumishi. Utawala wa Wareno ulipoondolewa mwaka 1961 pakazuka mabishano mengine: wako waliodai kuwa Kikonkani ni lahaja tu ya Kimarathi. Januari 1967 watu wa Goa walipiga kura wakakataa kuunganishwa na Maharashtra. Palikuwa na maandamano, na mwishoni mwa mwaka 1986 watu walipoteza maisha yao. Mwaka 1987 Kikonkani kilifanywa lugha rasmi ya Goa, na mwaka 1992 kiliingizwa katika Katiba ya India. Hata hivyo sheria ilichagua hati ya Devanagari, na wale wanaoandika kwa herufi za Kirumi wamelalamika kuwa wamebaki mlangoni.

Kiilokano hakikuvunjwa kwa amri ya namna hiyo. Mapadri wa Kihispania waliona ni rahisi zaidi kujifunza lugha za wenyeji kuliko kuwafundisha wenyeji wote Kihispania. Mwaka 1934 lilianzishwa gazeti la Bannawag, maana yake alfajiri, nalo likawa shule ya waandishi. Tangu mwaka 1906 vijana walikwenda kukata miwa Hawaii, wakaichukua lugha yao, kama Wagoa walivyoileta yao Unguja na Nairobi. Lakini barazani zamu yake ilichelewa: jimbo la La Union lilikifanya lugha rasmi mwaka 2012 tu. Mwaka huo huo shule za Ufilipino zilianza kufundisha madarasa ya chini kwa lugha za mama. Na mwaka 2024 sheria ikaliondoa sharti hilo.

Basi tujifunze nini? Sheria huipa lugha kiti, lakini pumzi huipata kwa wanaoisema na kuiandika. Kikonkani kilipata kiti baada ya machozi. Kiilokano kiliishi kwa gazeti na barua za wasafiri. Sisi tuna Kiswahili, nacho tumekipa kiti kwa haki, kwani kimetuunganisha. Lakini lugha za makabila yetu, ambazo vitabu vyao vya kwanza navyo aghalabu viliandikwa na wamisionari, nani anaziandika leo? Tunaposema “sisi” katika utamaduni wa taifa, na tuseme datayo, ili bibi anayesimulia hadithi kwa lugha yake kijijini ajue kuwa naye yumo.