Kadi ya Kliniki

Mama anaweka vitu vyake muhimu kwenye mkebe wa Kimbo, ule wa kilo mbili, juu ya kabati kwetu Kitale. Mna risiti za karo tangu nikiwa darasa la kwanza, picha ya pasipoti ya marehemu baba, na kadi yangu ya kliniki iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Kadi imechakaa hadi inakunjika kama kitambaa. Imeandikwa uzito wangu wa wiki sita, chanjo ya surua, na tarehe niliyozaliwa: 11 Agosti 1993. Nesi aliyeiandika kwa wino wa bluu hakujua kwamba mwandiko wake ungekuja kunitoa seli.

Nilikuwa na miaka 14.

Mwaka wenyewe ni 2008, na sisi watu wa Trans Nzoia tulikuwa tumetoka tu kwenye fujo za baada ya uchaguzi. Uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa hema za watu waliofukuzwa makwao. Masomo yalikuwa ya kubahatisha. Mama akaamua niende Bungoma kwa senge, dada yake baba, nisomee huko mpaka mambo yatulie. Ukiangalia ramani utaona hesabu hiyo ilikuwa na kasoro: Kitale na Bungoma ziko pande mbili za mlima mmoja, Elgon, na mlima ulikuwa unawaka. Lakini mama hakuangalia ramani. Aliangalia nauli.

Huko mlimani, ugomvi wa ardhi ya skimu ya Chebyuk, iliyogawanywa na kugawanywa tena tangu miaka ya sabini, ulikuwa umezaa kundi la wapiganaji, Sabaot Land Defence Force. Walitoza watu kodi, walikata watu masikio, waliua. Human Rights Watch ilisema waliua zaidi ya watu 600. Sitaki mtu asome hapa akadhani nawatetea. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi na kuita kazi hiyo Operesheni Okoa Maisha. Wanajeshi waliingia kijiji baada ya kijiji wakikusanya karibu kila mwanamume, pamoja na wavulana, na kuwapeleka kambini, hasa Kapkota, ambako walipitishwa mbele ya watoa habari waliofichwa. Maelfu walishikwa. Ripoti zilizotoka mwaka huohuo, ya Human Rights Watch na ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, zinaeleza vipigo na mateso ambayo sitayarudia hapa. Walioshtakiwa waliletwa chini, wengi wao Bungoma. Wengine hawakuonekana tena.

Mimi haya sikuyajua. Nilijua tu kwamba mjini kulikuwa na akina mama wengi waliotoka juu, wamekaa chini na vikapu vya chakula, wakimngoja mtu ambaye hakuna aliyekubali kuwa anaye.

Nilishikwa jioni moja nje ya kibanda cha video. Tulikuwa tumelipa shilingi kumi kumi kutazama filamu ya Jet Li, na filamu haikuisha. Nilikuwa mrefu. Bado ni mrefu, lakini wakati huo urefu ulikuwa umenitangulia mimi mwenyewe.

"Kitambulisho?"

"Sina, afande."

"Mtu mkubwa hivi huna kitambulisho?"

"Niko darasa la nane."

"La wapi?"

"Kitale."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kitale! Unatafuta nini huku? Sasa fikiria: kitambulisho Kenya kinatolewa ukifika miaka 18. Kukosa kitambulisho ndilo jambo moja lililothibitisha kwamba mimi ni mtoto, na ndilo nililoshikiwa. Tuliotolewa pale tulikuwa sita. Wanne walikuwa na kitu mfukoni, wakaachwa njiani.

Kituo sitakitaja. Seli ilikuwa na watu wazima tisa, ndoo pembeni, na dirisha lililo juu kiasi kwamba ulijua tu kumekucha, hukujua kumekuchaje. Na kulikuwa na mtoto. Namwita yule mdogo, ingawa aliniambia jina lake. Alikuwa darasa la tano, kutoka pande za Cheptais. Alikuwa amevaa sweta ya shule iliyotoboka kiwikoni. Usiku alilala ameniegemea mgongo kwa sababu sakafu ilikuwa baridi, na kwa sababu katika wote mle ndani mimi ndiye niliyekaribiana naye kwa umri. Hakulia. Alichokuwa akisema, tena na tena, ni kwamba alikuwa ameacha mbuzi amefungwa. Alikuwa amemfunga kwenye mti asubuhi ile, kamba fupi, maana alinuia kurudi mara moja. Je, kuna mtu amemfungua? Siku ya pili bado alikuwa kwa mbuzi. Siku ya tatu pia. Mmoja wa wale wanaume akamkaripia: "We kijana, sisi tuko hapa hatujui kesho, wewe unatuletea mbuzi." Akanyamaza, kisha akaninong'oneza sikioni: "Ana mimba."

Hakuna aliyetuuliza chochote. Watu wakisikia habari za kushikwa hudhani kuna meza, taa na maswali mengi. Hapakuwa na swali hata moja. Nilikuwa nimejiandaa na majibu yangu, jina la mwalimu, jina la shule, na yakanikalia mdomoni siku nne bila mtu wa kuyachukua.

Senge alikuwa akija kila asubuhi na ugali kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso. Kila asubuhi aliambiwa hayupo mtu kama huyo. Walimfungulia hata OB, kile kitabu kikubwa cha kuandika matukio, wakamwonyesha ukurasa. Jina langu halikuwemo. Na kweli halikuwemo! Hawakumdanganya kuhusu kitabu. Nimekuja kuelewa kwamba huo ndio ufundi wenyewe. Mtu akishtakiwa, hata kwa uongo, kuna karatasi: kuna tarehe, kuna hakimu, kuna kitu wakili anaweza kushika mkononi akapiga nacho kelele. Usiposhtakiwa na usipoandikwa, saa haijaanza kuhesabu. Sheria ilisema saa 24. Ishirini na nne kutoka lini?

Tena usidhani sheria haikuwepo. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa tayari inasema mtoto aliyeshikwa atengwe na watu wazima na aruhusiwe kuwasiliana na jamaa zake. Katiba ya 2010 ikaja kuongeza, kwenye kifungu cha 53, kwamba mtoto asifungiwe ila njia nyingine zote zikishindikana, na kwa muda mfupi kabisa. Mwaka wa 2022 ikatungwa Sheria ya Watoto mpya, na umri wa kuweza kushtakiwa kwa kosa la jinai ukapandishwa kutoka miaka 8 hadi 12. Ndiyo, nane. Nilipolijua hilo nilikuwa chuo, na nikamkumbuka yule mdogo, na sweta yake.

Mama alifika siku ya nne. Alipanda matatu ya alfajiri Kitale, akapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, akabadilisha gari, akiwa na ile kadi ndani ya nguo, kifuani. Aliiweka kwenye kaunta. Askari akaigeuza, akaisoma pande zote mbili.

"Mama, hii ni ya mtoto mchanga."

"Ndiye huyo mtoto mchanga mmemfungia huko ndani."

Nimesimulia sehemu hii mara nyingi, na watu hucheka, kwa hiyo kawaida naishia hapo. Lakini kadi haikwenda peke yake. Ndani yake kulikuwa na noti zilizokunjwa. Kiasi gani, mama hajawahi kuniambia, ila muhula huo hakulipa kodi ya kibanda chake cha mitumba. Mlango ukafunguliwa. Sikusaini chochote. Kwa serikali ya Kenya, siku zile nne sikuwa popote.

Mlango ulipokuwa wazi mama alichungulia ndani, akamwona.

"Na huyu?"

Askari, ambaye hakuwa mtu mkali, nadhani alikuwa amechoka tu, akauliza: "Huyu ana kadi?"

Mama akasimama. Najua alikuwa anahesabu, namjua akihesabu, midomo yake hucheza. Hakuwa na noti nyingine. Akanishika mkono, ingawa nilikuwa nimempita kwa urefu, tukatoka. Sikugeuka. Senge alikuwa nje na sufuria. Akamwachia askari ule ugali, akasema ni wa yule mtoto. Kama alipewa, sijui.

Miaka iliyofuata nilizisoma zile ripoti zote, kwenye simu, kwenye kompyuta za maktaba. Nilijiambia natafuta kuelewa. Kusema kweli nilikuwa napekua kurasa nikitafuta mbuzi. Ripoti haziandikwi hivyo, na sizilaumu. Zinahesabu watu kwa mamia, na majina yanafichwa kwa usalama wa wenyewe.

Mwaka wa 2010 shirika la Independent Medico-Legal Unit lilipeleka serikali mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa sababu ya yaliyotendeka Mlima Elgon. Majaji wa kwanza walikubali kuisikiliza kesi. Serikali ikakata rufaa, na Machi 2012 majaji wa rufaa wakasema imechelewa: mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tangu tendo litendeke, au tangu mlalamishi alijue. Miezi miwili. Kuna akina mama waliokuwa bado wanazunguka vituo vya polisi na magereza wakiwatafuta wana wao wakati miezi hiyo inaisha. Tarehe ya kuanza kuhesabu wangeitoa wapi? Ingetakiwa iandikwe kwenye OB.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama aliteremsha mkebe kutafuta hati ya plot, akakutana na kadi. Akaifungua ile nailoni pole pole, akaisoma kana kwamba kuna kipya kimeongezwa. Siku hizi macho yake yanataka karatasi iwe mbali.

"Yule mtoto," akasema. Hatukuwa tumemtaja kwa miaka. "Aliitwa nani?"

Nikamwambia jina lake, lile moja nililolijua.

"Jina la babake?"

Sikumuuliza.