Kibaba cha Kioo

Mnunuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, haulizi bei kwanza, hutazama kopo. Kopo lililobonyea kitako humdhulumu mtu bila ya neno. Wazee wetu walilijua jambo hili walipoafikiana kuwa pishi ni vibaba vinne, wakapata kitu cha kuamulia ugomvi. Nilidhani mambo haya ni ya sokoni tu, mpaka nilipotenda kosa ambalo naliungama hapa.

Maabara moja ya mji huu wa Mwanza iliniomba nifasiri maagizo ya kutunza vielelezo vya kupimia damu. Kielelezo cha namna hii ni unga kidogo ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa kwa moto. Hapo kwanza ulikuwa majimaji. Yaligandishwa, kisha barafu yake ikaondolewa katika ombwe, ikawa mvuke pasipo kupitia hali ya maji. Dagaa wa ziwa letu hukaushwa kwa jua, unga huu hukaushwa kwa baridi. Walakini adui wao ni mmoja, nao ni unyevu. Kwa hiyo aghalabu kichupa huwekwa gizani, katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Desturi hii ni kongwe. Mwaka 1897 Paul Ehrlich wa Ujerumani alieleza jinsi ya kupima dawa ya dondakoo kwa kielelezo kilichokaushwa. Leo Shirika la Afya Duniani ndilo liwekalo vielelezo vya mataifa yote. Kizio chake si uzito, bali ni nguvu ya kitu kilichomo katika kichupa kizima, maana unga huo umechanganyika na chumvi na vinginevyo.

Maagizo ya asili yalikataza kupima unga kwa mizani, yakaamuru uyeyushwe wote pamoja. Mimi, kwa kupenda maneno mafupi, niliandika: chukua kiasi kinachohitajiwa, uyeyushe. Binti mmoja fundi alinitii. Alipima sehemu, akahifadhi salio; hewa ya ziwa ikaliingia. Majibu ya juma zima yakapingana.

Niliitwa. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Nimefuata ulivyoandika."

"Marahaba, mwanangu," nilijibu, nisiwe na neno jingine.

Waliotoa damu waliitwa tena. Mama mmoja alivuka kutoka Ukerewe, akanyosha mkono mara ya pili bila ya kulalamika. Hakujua kuwa sindano ile ilitoka katika kalamu yangu. Uvumilivu wake uliniadhibu kuliko lawama.

Tangu siku hiyo natazama utafiti wa mji wetu kwa jicho jingine. Mwaka 2017 ulianza hapa Mwanza uchunguzi wa wasichana 930, wenye umri wa miaka 9 hata 14, juu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Damu za waliopata dozi moja zililinganishwa na za wasichana na wanawake wa mbali, India na Costa Rica, waliopata dozi moja pia, zikaonekana hazipungukiwi. Mwaka 2024 Tanzania iliingia katika dozi moja. Kama kila mpimaji angalikuwa na kopo lake, nani angaliweza kusema damu ya Mwanza yalingana na ya India?

Mfasiri naye ni mtu wa vipimo. Neno moja likibonyea kitako, hudhulumu watu asiowaona. Niliandika upya maagizo yale, nikayasoma mbele ya binti yule kabla ya kuyatia sahihi: Acha kichupa kipate joto la chumba kabla ya kukivunja, unyevu usikiingie. Kigonge polepole, unga ushuke. Usipime kwa mizani. Yeyusha wote kwa maji ya kadiri iliyotajwa.

Alifikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, hapo penye 'wote' ongeza mstari chini yake."

Nikauongeza.