Masufuria ya Jikoni na Vyombo vya Altare



Watu wengi wakisikia habari za wamonaki wa zamani wanawaza watu walioinamia vitabu mchana kutwa, wasiojua moshi wa jikoni. Mimi nataka kuwaeleza habari za moshi huo, kwa maana fundisho lake limenisaidia sana nyumbani kwangu.

Mtakatifu Benedikto alizaliwa Italia karibu na mwaka 480. Karibu na mwaka 529 alijenga monasteri juu ya mlima wa Monte Cassino, akawaandikia ndugu zake Kanuni yenye sura 73. Kwa karne nyingi monasteri za Ulaya ziliifuata. Hata kwetu ilifika: mwaka 1910 wamonaki wa abasia ya Mt. Andrea ya Bruges, Ubelgiji, waliingia Katanga.

Siku ya mmonaki ilikuwa na mambo matatu: sala, masomo na kazi ya mikono. Walilala na nguo zao, taa ikiwaka, wapate kuamka upesi usiku wa manane kwenda kusali. Kila juma waliimba Zaburi zote 150. Kila mtu alipata ratili moja ya mkate kwa siku, pamoja na vyakula viwili vilivyopikwa, na divai kidogo. Wakati wa kula ndugu mmoja aliwasomea, wengine wakanyamaza. Aliyetaka kitu aliomba kwa ishara.

Je, nani alipika? Wote, kwa zamu. Benedikto aliagiza kila ndugu atumike jikoni juma moja. Waliachiliwa wagonjwa tu na wenye shughuli kubwa za monasteri. Aliyezaliwa mtumwa na aliyezaliwa mwungwana walishika sufuria ile ile. Jumamosi, aliyemaliza zamu alifua vitambaa vya kujipangusia. Kisha yeye na mwenzake wa kumpokea waliwaosha ndugu wote miguu, kama Bwana Yesu alivyofanya Alhamisi Kuu. Vyombo vyote alivirudisha safi na vizima. Na mtunza ghala aliagizwa aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Sufuria kama kalisi!

Lakini jambo hili halikuwa rahisi hata kwao. Katika monasteri ya Cluny, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 910, sala za kanisani zilirefushwa sana, na kazi ya shamba ikaachiwa zaidi watumishi. Mwaka 1098 wamonaki wengine walianza monasteri ya Cîteaux ili waishike tena Kanuni na kazi ya mikono. Hata hivyo, huko nako kazi nyingi nzito ziliwaangukia mabruda wasiojua kusoma. Basi, vita kati ya kitabu na jembe ni vya zamani.

Nasi tunavyo. Kijana akipata diploma anaona haya kushika jembe, na sahani alizolia zinamngoja mama yake. Siku ya sikukuu wanaume tunakaa chini ya mti na kusifu mapendano ya Wakristo, huku wake zetu wanasugua masufuria mpaka giza. Mzee mmoja aliniuliza: “Mwalimu, nimemsomesha mtoto wangu ili aoshe vyombo?” Nilimjibu: “Baba, wale waliojua Zaburi zote kwa moyo waliosha vyombo, na hawakusahau hata Zaburi moja.” Mzee alicheka, lakini mkewe alicheka zaidi.

Ndugu zangu, hatuhitaji kwenda Monte Cassino. Zamu ya juma moja inawezekana katika kila nyumba: baba, mtoto wa shule, hata karani wa ofisi. Sikukuu ijayo, chakula kikiisha, sisi wanaume tuwe wa kwanza kusimama na kuchukua maji.