Bei ya Mashine na Bei ya Maneno Yake

Watu wanaotutembelea Katuba wakiiona mashine yetu ya kuchonga mbao, swali lao la kwanza ni bei. Tunawajibu: dola 240, pamoja na usafirishaji kutoka China. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya jibu. Dola hizo zilinunua fremu, mota tatu za kusogeza, mota moja ya kuzungusha kisu na kibao cha elektroniki. Vyote hivyo pamoja havijui kuandika hata herufi A. Kinachovifanya viandike ni programu, na programu ina bei yake, hata pale inapotolewa bure. Juu ya bei hiyo mimi na yaya yangu tumebishana kwa miezi mingi, na naona ubishi wetu unatugusa sisi watu wa lugha kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Mashine yenyewe ni ndogo, ya aina iitwayo 3018, maana yake inachonga eneo la sentimita 30 kwa 18. Yaya ni fundi mbao. Mimi ni mwanafunzi. Tuliinunua kwa kupenda tu, tuchonge majina na picha saa za mapumziko. Ili ichonge, kazi tatu lazima zifanyike kwenye kompyuta. Kwanza unachora kitu unachokitaka. Pili unapanga njia ya kisu: kiingie wapi, kizame milimita ngapi, kiende kwa mwendo gani. Tatu unaipelekea mashine amri hizo, mstari mmoja baada ya mwingine. Kila kazi ina programu yake, na ziko programu zinazounganisha kazi mbili au zote tatu. Anayepanga bajeti akiandika neno moja tu, «programu», mbele ya bei moja tu, ajue kuna mistari mingine haijaandikwa.

Amri hizo ni lugha. Inaitwa G-code, na msingi wake ni kanuni ya Marekani iitwayo RS-274. Msamiati wake ni mfupi sana. G21 inasema vipimo ni milimita. G00 inasema nenda haraka bila kukata. G01 inasema nenda moja kwa moja ukikata. M03 inawasha kisu, M05 inakizima. Hata hivyo lugha hiyo ina lahaja. Amri G81, ya kutoboa tundu, inaeleweka kwa LinuxCNC, ambayo ni programu huria ya kuongoza mashine. Lakini GRBL, programu ndogo iliyomo ndani ya kibao chetu, haiijui. Ukiiambia G81 inakujibu neno la kosa na namba, kisha inakaa kimya. Kwa hiyo kati ya programu ya kupanga njia na mashine huwa kuna mkalimani, anayeigeuza njia ileile iwe maneno ya lahaja ya mashine fulani. Nilipoyaona hayo niliacha kuiona bajeti ya programu kama jambo la mafundi peke yao. Tunalipia mwandishi, tunalipia mkalimani, tunalipia msomaji.

Sasa bei zenyewe. Mach3, programu ya kuongoza mashine inayotumika sana kwenye Windows, imekuwa ikiuzwa dola 175. Toleo lake la majaribio linaishia kwenye mistari 500 ya amri, na kibao kimoja chenye maandishi ya kuchongwa kinaweza kuhitaji maelfu. VCarve ya Vectric, ambayo mafundi wa vibao huisifu kwa herufi zake, inazidi dola 300 hata katika toleo lake dogo, ila ukishalipa leseni ni yako. Fusion ya Autodesk ni kama nyumba ya kupanga: unalipa kila mwaka. Ina toleo la bure kwa matumizi ya nyumbani yasiyo ya biashara, lakini mwaka 2020 toleo hilo lilipunguzwa: michoro unayoweza kuifanyia kazi ikawa 10 kwa wakati mmoja, na ile safari ya haraka ya G00 ikaondolewa, kisu kinapopita hewani kiende polepole kama kinakata. Kwa upande wa programu huria kuna Inkscape na FreeCAD za kuchora, F-Engrave ya kuchonga herufi, na Candle au Universal Gcode Sender za kupeleka amri. Hizo hazidai hata senti moja.

Ukiishia hapo utasema hesabu imekwisha: tuchukue za bure. Yaya hakukubali, na hoja yake ilikuwa na uzito.

«Za bure zinakula usiku wangu», alisema. Kibao chenye jina la shule kilimchukua jioni tatu, akitoka programu moja kwenda nyingine, akitafuta kwa nini herufi O imejaa badala ya kuwa na tundu. Visu viwili vilivunjika katika kujifunza. Maelezo mengi aliyoyapata yalikuwa kwa Kiingereza, naye anasoma Kifaransa na Kiswahili. Rafiki yake mwenye VCarve alikifanya kibao kama hicho kwa saa moja. Usiku wa fundi una bei, na anayeandika sifuri kwenye mstari wa programu huria amesahau kuihesabu.

Mimi nilijibu kwa hesabu nyingine. Kibao kimoja kinatuachia dola 8 baada ya mbao na umeme. Leseni ya dola 350 inataka vibao 44. Kwa mwezi tunapata vinne ukienda vizuri, basi ni miezi 11 ya kufanyia leseni kazi kabla ya kujifanyia wenyewe. Tena kuna gharama zisizoandikwa kwenye tangazo lolote. Programu inayotaka intaneti ili ikutambue inakula megabaiti tunazonunua kidogokidogo. Kununua kwenyewe kunataka kadi ya benki inayokubaliwa nje, na sisi hatuna; aliye nayo anaomba chake. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, GRBL inasahau kisu kilikuwa wapi: unaanza kupima upya, na mara nyingi unaanza na ubao mpya. Kati ya leseni na betri ya akiba, mimi nilichagua betri.

Hapo ndipo flashi ilipoingia. Mtu wa mtaani alimletea yaya nakala ya programu ya bei kubwa, kufuli limevunjwa, tayari kutumika. Bei yake: soda moja. Yaya aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu: «Mdogo wangu, ile kampuni itajua Katuba iko wapi?»

Haitajua. Swali hilo ni gumu kwa sababu hakuna polisi ndani yake. Niliona pia kwamba sisi wa kitivo hatuna haki ya kulijibu haraka. Sote tunajua silabasi ya mwalimu inavyonakiliwa nyuma ya jengo kwa bei ya karatasi. Tunajua tasnifu zinavyohama kutoka kompyuta hadi kompyuta zikibadilishwa jina la mtunzi. Anayeandika sarufi, anayetunga kamusi, anayetafsiri, wote wanauza kitu ambacho kikishanakiliwa hakipungui mkononi mwa mwenyewe. Ndiyo maana ni rahisi kuamini kwamba hakuna aliyeibiwa. Mimi nataka siku moja niishi kwa kutafsiri. Ningemwambiaje mteja wangu alipe maneno, ikiwa nyumbani maneno ya mashine tumeyachukua kwa soda?

Nilimwambia yaya hivyo hivyo. Hakunijibu siku ile. Alichonijibu baadaye kilikuwa cha fundi zaidi kuliko cha mwanafalsafa: programu iliyovunjwa haina wa kumuuliza ikikosea, haipati marekebisho, na huwezi kujua kilichofichwa ndani yake. Kisu kinachozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, alisema, hawezi kukiachia mtu asiyemjua. Flashi ikarudi kwa mwenyewe, soda ikanywewa.

Tulichokubaliana ni hiki. Programu ya kulipia tutainunua pale tu programu huria itakapokuwa imetuzuia kazi, siyo pale inapotuchelewesha. Kila kibao kinaweka dola 2 kwenye kopo: hizo ni za leseni, na mwisho wa mwaka sehemu yake ndogo itatumwa kama mchango kwa watengenezaji wa FreeCAD, maana hata wao wanakula. Visu na mbao za kujifunzia zina mstari wao. Betri imekwisha nunuliwa. Na muda una mstari wake: jioni mbili kwa wiki, bila kuzidi.

Mstari wa mwisho niliuongeza mimi, haugharimu dola, lakini ndio uliompa yaya nafuu kubwa kuliko yote. Ni daftari la maneno. Kila neno la Kiingereza lililomkwamisha tumeliandika kwa Kiswahili cha atelye yake, pamoja na maana: njia ya kisu, mwendo wa kisu, kina cha pigo moja, sifuri ya ubao. Yamefika 60 na kitu. Kibao cha mwisho alikimaliza kwa jioni moja. Bado anasema VCarve ingekimaliza kwa saa moja, na huenda ni kweli. Kopo lina dola 26.